Naomba ushauri: nataka kujitolea dawati la jinsia, polisi Malindi

Asalam aleikum ndugu zangu. Nataka kujitolea kwenye dawati la jinsia la polisi hapa Malindi, niwe nawasindikiza waliobakwa na wanaopigwa majumbani. Jirani yangu alipobakwa alioga, akafua na kanga aliyoivaa, ndipo akaenda kuripoti. Hakuna aliyemwambia awahi hospitali vile vile alivyo ili ushahidi usipotee, wala kwamba dawa za kuzuia Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, alipewa mkononi tu, ajijue. Iliniuma sana.

Je, nianzie kwa mkuu wa kituo au kwa wasaidizi wa kisheria? Na familia ikitaka kuyamaliza kwa wazee, ilhali ubakaji ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, nami ni mtoto wa mtaa huu huu, nisimame na aliyebakwa vipi bila siri yake kutoka?