Mjadala: Mashine za ukaguzi viwanjani zipimwe wapi kabla ya kulipiwa?

Ndugu wanajamvi,

Tunaopita viwanja vya ndege vya Marekani tunalalamikia foleni, lakini ni wachache wanaouliza mashine iliyotuchungulia ilinunuliwaje. Naleta hoja kwamba sheria imzuie mnunuzi kulipa bei yote hadi mashine iwe imefanya kazi kiwanjani penyewe, katikati ya abiria na vumbi lao, kwa sababu kufaulu maabara pekee hakutoshi.

Mwaka 2006 mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, TSA, ilianza kufunga vibanda vilivyompulizia abiria hewa ili kunasa chembe za vilipuzi kwenye nguo zake. Ilinunua vibanda 207, ikafunga 101 katika viwanja 36, kisha katikati ya mwaka huohuo ikasimamisha ufungaji, kwani vumbi na unyevu vilikuwa vimevizidi nguvu. Kinachoudhi ni kwamba majaribio ya 2004 na 2005, yaliyofanyiwa matoleo ya awali, yalikuwa yameshaonyesha udhaifu huo. Huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia ilhali umeshamsikia akikohoa.

Desemba 2014 ilitiwa saini sheria ya kurekebisha ununuzi huo. Inaitaka TSA iwe na mpango wa uwekezaji wa miaka mitano, ipime faida dhidi ya gharama, ilitaarifu Bunge siku 30 kabla ya kutoa mkataba unaozidi dola milioni 30, na ijieleze gharama zikivuka makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Ni sheria nzuri, ila uzito wake mkubwa uko kwenye makaratasi. Miezi michache baadaye, mwaka 2015, zilivuja habari kwamba wakaguzi wa siri walipenya na silaha na vilipuzi bandia mara 67 kati ya 70. Nakiri kwamba si kosa la mashine peke yake, maana nyuma ya kila skrini ameketi mtu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, heshima kwako, lakini adui hangoji ripoti ya majaribio. Tarehe 25 Desemba 2009 Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege ya Amsterdam kwenda Detroit akiwa na kilipuzi ndani ya chupi, kitu ambacho lango la kutambua chuma haliwezi kukiona. Ukidai miaka mitatu ya upimaji, unampa mwenzake miaka mitatu ya kujipanga. Isitoshe, kampuni ndogo yenye wazo jipya haina mtaji wa kusubiri malipo muda wote huo, na zabuni zitabaki kwa wakubwa walewale.

Mleta mada:

Hoja ya kampuni ndogo naipokea, ila ya haraka siikubali. Baada ya tukio hilo la 2009 zilisambazwa kwa kasi mashine za kuonyesha mwili mzima, na aina mojawapo ikashindwa kuficha umbo la utupu la abiria kama sheria ya 2012 ilivyoagiza, hivyo kufikia katikati ya 2013 zote zikaondolewa viwanjani. Serikali iligharimia kuzifunga, na bado kazi ikabidi ifanywe na nyingine.

Mchangiaji wa pili:

Tazameni na Ulaya. Viwanja kadhaa vilinunua skana mpya za mikoba, zinazomwezesha mkaguzi kuuzungusha mzigo kwenye skrini na kuutazama pande zote, vikaanza kuruhusu vimiminika vingi. Septemba 2024 Umoja wa Ulaya ukarudisha kikomo cha mililita 100 kwenye skana hizo. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa kwa ajili ya chupa ya asali ya nyuki wadogo niliyotumwa kumpelekea shangazi: mkaguzi aliizungusha picha mara nne, akapangusa kifuniko kwa kitambaa, akakitia kitambaa kwenye kichunguzi, na asali ikaishia kwenye pipa. Skana hizo zilikuwa na vibali halali, kwa hiyo hoja ya mleta mada haitoshi. Upimaji uendelee baada ya kununua, na mkataba umbane mtengenezaji arekebishe kwa gharama yake kibali kikipunguzwa.

Mleta mada:

Hapo umenirekebisha. Basi sheria ieleze malipo kwa awamu: sehemu maabara, sehemu baada ya msimu mzima kiwanjani, na kiasi kibakizwe kwa miaka ya matumizi. Swali linalonisumbua ni nani awe mpimaji, maana TSA yenyewe ndiyo mnunuzi.