Wakuu, keshokutwa naumikwa. Vikombe vingapi vinatosha kwa mara ya kwanza?

Bega_Zito: Wakuu, za jioni. Nina miaka 43, nipo Tanga. Bega la kushoto linanisumbua tangu mfungo, nikililalia naamka mkono umekufa ganzi. Kuna bwana hapa mtaani anafanya hijama, anachanja ngozi na kufyonza damu kwa vikombe, watu wanamsifu. Yeye anasema vikombe 9, shemeji yangu anasema 5. Aliyewahi anijuze. Matusi sitaki.

mjukuu_wa_muumishi: Vikombe vya plastiki na pampu, mnadekezwa. Bibi yangu Pangani aliumika kwa pembe ya ng'ombe. Anaibandika kavu kwanza ngozi ivimbe, anaibandua, anachanja, anairudisha. Hewa anaifyonza kwa mdomo kwenye tundu la nchani, halafu analiziba kwa ulimi na nta aliyoificha shavuni. Pembe inaganda mgongoni kama kupe. Ikitoka, damu ni mabonge kama maini. Mimi nilikuwa mshika kibakuli cha majivu. Maini nimekuja kuyala nimeshaoa.

Abuu_Twaha: Keshokutwa ni mwezi ngapi mwandamo? Zilizopendekezwa ni 17, 19 na 21.

Kapuku Mstaafu: Phelps yule mwogeleaji alitokea na yale madoa ya vikombe Olimpiki ya Rio 2016, akaondoka na dhahabu 5. Ukishaumikwa pitiliza ufukweni Raskazone, ujitose.

nesi_wa_zamu: Bega_Zito, kuna dawa unatumia?

Bega_Zito: Za kawaida tu.

nesi_wa_zamu: Za kawaida ndiyo zipi? Zina jina.

Bega_Zito: Warfarini. Niliwekewa valvu ya chuma kwenye moyo, mwaka wa sita huu. Ila msinirukie, nimeshalifikiria hilo. Vidonge nimeviacha tangu Jumapili ili damu isije ikatoka sana. Na yule bwana nimeshampa nusu ya hela, harudishi.

nesi_wa_zamu: Umeviacha?! Kaka, valvu ya chuma bila hiyo dawa, damu inaganda palepale kwenye valvu. Bonge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Na ukiinywa halafu ukachanjwa, damu haikatiki. Nenda hospitali leo, wakupime kuganda kwa damu. Dozi usijipangie mwenyewe. Na hilo bega la kushoto waambie pia.

Bega_Zito: Siku nne tu dada. Halafu hijama ni sunna, mnaipiga vita kwa vile haina koti jeupe.

Abuu_Twaha: Usinitie humo. Sunna haikukwambia uache vidonge. Na tarehe nimekuuliza, hujanijibu.

Mama Chapati: Mume wangu alirudi na yale maduara mgongoni bila kunieleza. Nililala kwa dada yangu siku mbili. Semeni na wake zenu jamani.

Kachero Bandarini: Tulieni. Huyu huyu mwezi wa tatu alifungua uzi wa kuuza pikipiki, akajitaja ana miaka 31. Leo 43 na valvu ya chuma juu! Chai hii, tena sukari imezidi. Anaulizia kupigwa chuku wakati mpiga chuku ni yeye mwenyewe.

mjukuu_wa_muumishi: 😂😂 Bibi angekuajiri.

Bega_Zito: Pikipiki ya mdogo wangu, akaunti tunachangia.

Kachero Bandarini: Wote husema hivyo. Haya, mjomba wangu anayo valvu hiyo. Usiku kukitulia inakuwaje?

Bega_Zito: Inagonga kama saa ya ukutani. Mwanzoni mke wangu alihamia chumba cha watoto. Akarudi mwenyewe, siku hizi asipoisikia hapati usingizi, ananiwekea sikio kifuani.

Kachero Bandarini: Nenda hospitali, kaka.

nesi_wa_zamu: Umeshatoka?

Bega_Zito: Nasubiri bajaji. Ila ile nusu ya hela inaniuma.

Kapuku Mstaafu: Mpeleke shemeji akavimalizie hivyo vikombe. Si alisema 5?