Tupeane uzoefu: Unalala jimbo hili, unafanya kazi jimbo lile, kodi ilikufanyaje?

Mkazi wa Mpakani (mtoa mada)
Wakuu habari zenu. Leo nimefungua bahasha ya W-2, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka hapa Marekani, kisanduku cha 15 kimeandikwa MO, yaani Missouri, na mimi nalala Kansas. Nikakumbuka ya mwaka juzi, mwili ukaniisha nguvu.

Wanaoijua Kansas City wanaijua State Line Road. Upande huu wa barabara ni Kansas, ukivuka tu uko Missouri. Nyumba yangu iko huku, ghala ninalofanyia kazi liko kule, dakika kumi na mbili kwa gari. Mwaka juzi jamaa mmoja wa nyumbani, anayefailia watu kodi sebuleni kwake, akaniambia, "Wewe mkazi wa Kansas, faili Kansas basi." Akayachukua makato yote ya Missouri, dola 1,900 na kitu, akayaandika kama krediti, yaani punguzo la kodi, kwenye ritani (tamko la kodi) ya Kansas. Rifandi, marejesho ya kodi, ikaja nono. Miezi saba baadaye Kansas wanaandika: tuletee nakala ya ritani yako ya Missouri. Ritani ipi? Sikuwahi kuifaili. Nikatakiwa kurudisha hela ambayo nilishaituma nyumbani kulipia ada ya mdogo wangu.

Mliopitia haya ya majimbo mawili semeni, msimu ndio huu.

Mama Kevo
Umenigusa. Niko huko huko. Ongeza na hili: ukifanya kazi ndani ya jiji la Kansas City upande wa Missouri, jiji nalo lina asilimia 1 yake, hata kama hulali humo. St. Louis vilevile.

Karani Mstaafu
Mtoa mada, pole. Kosa la huyo jamaa nimelikuta mara nyingi mno nikijitolea kwenye vituo vya VITA, pale watu wa kipato cha chini wanapofailiwa bure. Alichukua kisanduku cha 17 cha W-2, yaani makato, akakifanya ndiyo kodi. Makato ni kama amana tu. Kodi yenyewe haijulikani mpaka ufaili ritani ya asiye mkazi kule Missouri.

Kwa hiyo unaanza na jimbo la kazi. Wao wanakokotoa kodi yao, kilichozidi kwenye makato wanakurudishia. Ndipo unakuja jimbo unalolala, unatangaza mapato yako yote, wanakupa krediti kwa kodi uliyolipa kule. Na krediti haizidi kodi ambayo jimbo lako lingekutoza kwenye mapato yale yale. Kule wakikutoza zaidi, tofauti ni yako.

Mkorofi77
Maneno mengi. Hamieni Texas nyote, yaishe.

Binti Pangani
Mkorofi, ngoja nikueleze habari ya kuishi jimbo lisilo na kodi ya mshahara.

Naishi Vancouver, ile ya jimbo la Washington, si ya Kanada. Nilipofika watu wakanipokea kwa wimbo mmoja: lala Washington hawakati kodi ya mshahara, nunua vitu Portland, Oregon hawana kodi ya mauzo, unakula pande zote mbili. Nikaamini. Nikapata kazi ya kutunza wazee kwa kampuni ndogo, ofisi yake iko hapa hapa Vancouver. Wazee wenyewe wanakaa Portland. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye daraja la I-5, mto Columbia chini yangu, naenda kumwogesha bibi wa watu na kumpikia uji. Jioni narudi. Miaka mitatu.

Kwenye mshahara sikukatwa kodi ya jimbo hata senti. Nikaona ndiyo neema yenyewe ya Washington. Za shirikisho nafaili kila mwaka bila kukosa, sina deni na mtu. Kumbe kampuni ilitakiwa kutukata ya Oregon tangu siku ya kwanza, kwa sababu kazi inafanyika Oregon. Ilipokaguliwa, majina yetu yakatoka.

Barua ilinikuta na begi limefungwa sakafuni. Baba alikuwa amefariki Jumatatu, tiketi yangu ya kwenda Dar ilikuwa ya Alhamisi, na kutoka Dar niende Tanga, mpaka Pangani. Nikaifungua nimesimama. Miaka mitatu, kodi peke yake inakaribia dola 9,000, bado adhabu na riba. Nikasoma kwamba Oregon, ukikaa miaka mitatu mfululizo bila kufaili, adhabu inaweza kufika asilimia 100 ya kodi yenyewe. Nikakaa chini pale pale juu ya begi. Wala sikumlilia baba usiku ule, Mungu anisamehe, nililia ile barua.

Hela ya mazishi nilikuwa nayo mkononi, dola 3,200, michango ya kina mama wa kanisani pamoja na akiba yangu. Kichwani sauti moja inasema lipa hawa wasije wakashika mshahara wako, nyingine inasema wewe ndiye mtoto wa kwanza. Nikasafiri. Nimezika. Kaka zangu hawajui mpaka leo.

Niliporudi nilifaili ritani zote tatu, fomu ya asiye mkazi ni OR-40-N, nikaomba adhabu ipunguzwe kwa maelezo ya maandishi na nakala za hati zangu za mshahara, nikaomba kulipa kwa awamu. Wamenikubalia awamu. Nalipa dola 260 kila mwezi. Na krediti sina pa kuidai, maana Washington hawakunitoza kitu.

Jirani wa Hudson
Aki dada yangu, pole sana. Nimesoma hii nikiwa kwa treni, nikafunika uso.

Mama Kevo
Pole mwanangu. Baba apumzike kwa amani. Ulifanya vizuri kwenda.

Mkorofi77
Pole dada. Ila huyo mwajiri apelekwe mahakamani. Yeye ndiye alishindwa kukata, yeye alipe.

Mzee wa Silver Spring
Mkorofi usimpotoshe. Mwajiri ana kosa lake na atabanwa kwa lake. Kodi ya mshahara ni ya aliyeupokea. Asipokukata, hela ilikuwa mfukoni mwako.

Mkorofi77
Mfukoni mwa mtunza wazee, mzee? Hiyo hela ilishakuwa kodi ya nyumba na chakula. Wewe una pensheni, huwezi kuelewa.

Mzee wa Silver Spring
Pensheni yangu imeingiaje hapa? Nimeosha vyombo hotelini miaka kumi na moja.

Mkazi wa Mpakani (mtoa mada)
Wakuu tusigombane juu ya msiba wa mtu. Mzee, wewe hapo Maryland mnafanyaje?

Mzee wa Silver Spring
Sisi tuna nafuu. Maryland, Virginia na D.C. (jiji kuu la nchi) zimekubaliana: mshahara unatozwa unakolala. Mimi nilifanya kazi D.C., nikajaza fomu D-4A kwa mwajiri, wakanikata ya Maryland tu. Na D.C. hata ikitaka haiwezi kumtoza asiye mkazi, Bunge la Marekani liliizuia kwenye sheria ya mwaka 1973 iliyoipa jiji serikali yake. Lakini fomu usipoijaza, mwajiri hatabuni, ndipo unaanza kudai marejesho.

Baba Furaha
Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani wa Louisville, Kentucky. Navuka daraja kwenda Jeffersonville, Indiana, kupanga mizigo usiku. Kentucky na Indiana zina makubaliano kama hayo ya Mzee, nilijaza WH-47, fomu ya kuonyesha unakolala. Nikashangilia. Mwaka wa kwanza nikaambiwa bado kaunti ya Indiana ninakofanya kazi inadai ya kwake, makubaliano hayaihusu. Jimbo likikuacha, kaunti inakushika.

Dereva wa Dallas
Madereva wa malori mpo? Mwaka niliohama kampuni nilikatwa kodi ya majimbo mawili kisa napita huko na mzigo. Nikawapelekea sheria ya shirikisho, kifungu cha 14503 katika kitabu cha 49: dereva aliyeajiriwa, kazi yake ya kawaida iko katika majimbo mawili au zaidi, mshahara wake unatozwa na jimbo analoishi tu. Texas hawana, basi imekwisha. Nilifaili ritani za kudai kilichokatwa, hela ikarudi yote.

Mkorofi77
Uongo. Binamu yangu dereva, anaishi Nevada, California wanamtoza kila mwaka.

Dereva wa Dallas
Anaendesha wapi?

Mkorofi77
Bandarini Long Beach kwenda maghalani.

Dereva wa Dallas
Kila siku ndani ya California? Sasa majimbo mawili yako wapi? Kuvuka mpaka kwenda kulala nyumbani hakuhesabiki. Anasafirisha mzigo ndani ya jimbo moja, wanamtoza kwa haki.

Kijana wa Shifti
Mimi nauliza kwa nia njema. Nikimpa mwajiri anwani ya shemeji yangu Houston, si inakwisha?

Karani Mstaafu
Mwanangu, usithubutu. Kwanza ni uongo kwenye hati ya kodi, na kama unaomba uraia unajichimbia shimo mwenyewe. Pili, haikusaidii lolote. Soma tena ya Binti Pangani: anwani yake ilikuwa ya kweli na jimbo lake halina kodi. Jimbo la kazi linaangalia miguu yako ilisimama wapi ukifanya kazi.

Jirani wa Hudson
Isipokuwa New York, mzee. Hao hata miguu hawaangalii. Naishi Jersey City, New Jersey, ofisi yetu iko Manhattan, New York. Mwaka 2020 ofisi ikafungwa mwezi wa tatu, nikafanyia kazi jikoni kwangu mpaka mwaka ukaisha. Nikafaili IT-203, ritani yao ya asiye mkazi, nikihesabu New York miezi miwili na kidogo pekee, rifandi ikaingia. Wakairudia. Kanuni yao: kama ofisi yako iko kwao na umekaa nyumbani kwa kupenda kwako, si kwa ulazima wa mwajiri, siku hizo ni zao. Nikasema mimi sikupenda, ni korona! Haikusaidia. Nikawarudishia, kisha nikarekebisha ritani ya New Jersey nipate krediti. Mwaka mzima wa makaratasi.

Mama Kevo
Sasa mimi naambiwa nianze na jimbo la kazi, jirani yangu hapa ananiambia nianze na la nyumbani maana ndilo linanijua. Nimsikilize nani?

Karani Mstaafu
Nisikilize mimi, mama. La kazi kwanza. Kwako Kansas watataka kuiona hiyo ya Missouri.

Mkorofi77
Binti Pangani, nimekutumia ujumbe. Tukichanga watu ishirini humu, dola 13 kila mmoja, mwezi mmoja wako umekwisha. Mzee wa Silver Spring naomba radhi kwa ile ya pensheni.

Mzee wa Silver Spring
Yamekwisha. Niandike wa kwanza.

Binti Pangani
Nimeona ujumbe. Siwezi kuandika sana, niko zamu. Asanteni.

Mwana wa Memphis
Nimechelewa kuingia, nimesoma yote. Naishi Memphis, Tennessee hawana kodi ya mshahara. Kazi yangu iko Southaven, Mississippi, mwaka wa pili sasa. Nimekwenda kwenye droo, nimetoa W-2 mbili, kisanduku cha 15 kwenye zote mbili ni kitupu. Karani, bado uko macho?