Alama imeandikwa kwa biki kabla mtu hajakaa kitini!!!

Mutoto wa Katuba
Bandugu wa Lubumbashi, yule mtu mnamjua. Yule shefu wa biro ya mwisho kwenye koridoo, ambaye kiyoyozi chake kinanguruma hata umeme ukikatika kuanzia Ruashi mpaka Kipushi. Leo kaanza tathmini ya mwaka, kutupa alama za kazi. Mtu anaingia na makaratasi yake, anasalimu, anatupa jicho mezani: alama imekwisha andikwa. 2 kati ya 5. Kwa biki! Si kalamu ya risasi ambayo unaweza kufuta, BIKI, na wino umekauka. Halafu shefu anauliza, «Una la kuongeza?» Kuongeza juu ya nini?

Atelye nzima, sisi wa karakana, ilileta hesabu. Mwezi wa masaa 720, mashine ilisimama masaa 61, fishi, yaani karatasi ya tathmini, inasema «ilifanya kazi 91.5%, lengo 95%, hajafikia». Lakini ndani ya hayo 61, masaa 38 umeme ulikuwa umekatika na 15 ni ya kungoja vipuri ambavyo depo haikuwa navyo. Ubovu ambao mekanisye anaweza kuulizwa ni masaa 8 tu. Toa 8 kwa 720, unapata 98.9%. Hesabu imebanwa nyuma ya fishi kwa pini, na karatasi haikugeuzwa, kwa sababu alama ilikuwa tayari. Kwa biki! Hata mbuzi wa sikukuu anaangaliwa meno kabla ya kupangiwa bei!

Mama Kamalondo
Umesaini?

Mutoto wa Katuba
Bado, Mama. Amesema mwisho kesho saa nne. Na biki ya kusaini ni ile ile!!

Mama Kamalondo
Basi sikiliza vizuri, na wengine pia. Usikatae kusaini, ukikataa wataandika «amekataa» na fishi itaingia kwenye dosye, faili lako la kazi, bila neno lako hata moja. Saini, lakini kando ya saini andika kwa mkono «pour réception», tarehe na saa. Hapo umekubali kwamba umeipokea tu, hujakubali alama. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja, usizidishe: lengo gani, alama waliyotoa, alama unayoomba, ushahidi uko wapi. Barua inapelekwa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, hiyo unarudi nayo nyumbani. Bila muhuri ni kama hukuandika.

Na msidharau 2 hiyo. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inasema mwenye kontra (mkataba) isiyo na mwisho haachishwi bila sababu halali, na sababu mojawapo ni uwezo wake kazini. Fishi mbili tatu mbaya zenye saini yako tupu ndizo watakazotoa siku ya kukuachisha. Delege wa sendika, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, apate nakala pia.

Shefu wa zamani
Papa, unalilia biki, lakini hesabu mlizileta siku ya kikao! Mnajitayarisha kama watu wanaoenda kupiga picha. Katika kampuni nyingi shefu anapeleka alama za mwanzo kwa wakubwa kabla ya kuwaona wafanyakazi. Siku ya kikao anasoma tu. Ushahidi unapelekwa wiki tatu mbele, mwishoni mwa Oktoba kama tathmini ni ya Novemba, na haupelekwi kurasa 40. Ukurasa mmoja, malengo manne au matano, kila lengo mistari miwili: kilichofanyika, kiasi, kwa muda gani, karatasi gani inaonyesha. «Nimefanya kazi kwa bidii» haipewi alama na mtu yeyote. «Muda wa kutoa vipuri umeshuka kutoka masaa 3 hadi dakika 50, tazama vocha za Machi hadi Septemba» inapewa.

Mutoto wa Katuba
Yaya, hata ningeipeleka mwezi wa kwanza! Alama ilikuwa imeandikwa kwa BIKI!

Kenya Moja
Umeshatuambia biki. Ingekuwa krayoni ungefurahi na 2 yako?

Ruashi Depo
Shefu wa zamani anaficha jambo. Alama inaandikwa mapema kwa sababu kuna kiasi kilichogawiwa toka juu: watu wachache wapate 5, wengi 3, na lazima wengine wapate 2 hata kama timu nzima imefanya vizuri. Mtindo huu ulipata jina katika kampuni ya Marekani, General Electric, wakati wa mkubwa wake Jack Welch: 20 kwa mia juu, 70 katikati, 10 chini na hao 10 wanafukuzwa. Microsoft iliuacha mwaka 2013. Huku kwetu bado unapendwa. Muulizeni waziwazi: «Alama hii ni ya kazi yangu, au ni ya mgawo?» Na jibu liandikwe kwenye fishi.

Mama Kamalondo
Angalieni na uzito wa malengo, hapo ndipo watu wanaibiwa bila kujua. Tuchukue malengo manne, 40, 30, 20 na 10 kwa mia. Lengo la 30 lilikuwa mradi uliosimamishwa Aprili na wakubwa wenyewe. Wasipoliondoa wanakupa 1, na ukipata 4, 1, 4, 3 jumla inatoka 3.0. Liondolewe, gawanya iliyobaki kwa 70, unapata karibu 3.9. Kazi ni ile ile! Kwa hiyo mradi ukisimamishwa, omba siku hiyo hiyo barua pepe ya mistari miwili inayosema lengo limefutwa. Desemba hakuna atakayekumbuka Aprili.

Chofere Kasumbalesa
Nyinyi wa atelye mnalia na mko chini ya kivuli. Sisi tunapimwa kwa siku za safari! Lori likilala kwenye foleni ya mpaka, kosa ni la chofere. Karatasi za forodha zikikosewa bironi, kosa la chofere.

Ruashi Depo
Gawanya safari, ndugu. Saa ya kufika kwenye foleni, saa karatasi zimetoka, saa ya kuvuka. Andika kwenye kaye, daftari lako, GPS ya lori itakubaliana nawe. Unachopimwa ni masaa ya gurudumu kuzunguka, ya foleni yawekwe safu yake.

Chofere Kasumbalesa
Na masaa ya kungoja yanalipwa? Hapo ndipo hasira yangu iko. Tathmini hailishi watoto.

Kenya Moja
Kweli kabisa! Sheria ni masaa 45 kwa wiki. Yanayozidi, 6 ya kwanza yanaongezwa 30%, yanayofuata 60%. Nani hapa anaona hiyo kwenye karatasi ya mshahara?

Mutoto wa Katuba
Jamani, na fishi yangu? Kesho saa nne...

Chofere Kasumbalesa
Na jumapili je?

Kenya Moja
Siku ya mapumziko ya wiki ni 100%. Lakini fishi ya masaa isainiwe na shefu jioni ile ile, si mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi atakwambia hukuwepo.

Mama Kamalondo
Na mpige picha kwa simu kabla ya kuirudisha. Kwetu zimepotea za mwezi mzima, zote za zamu ya usiku.

Chofere Kasumbalesa
Za usiku!! Fungua uzi wake, Mama, tuje wote.