Sedani ya mtumba ya bei nafuu: Toyota Premio, Allion au Axio?

Mwuliza: Ndugu zangu, ninatafuta gari la kutumia Dar es Salaam na safari chache za Morogoro. Je, tofauti ya bei kati ya Premio na wenzake ina maana yoyote?

Jibu la kwanza: Ndugu, Premio na Allion ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zimejengwa juu ya msingi uleule na zile za cc 1500 (ukubwa wa injini) hutumia injini ya 1NZ-FE, ambayo imo pia katika Axio nyingi za cc hizo, kwa hiyo vipuri vya injini ni vilevile, na sehemu ya fedha unayoongeza kwa Premio ni ya jina tu. Mimi ningechukua Allion.

Jibu la pili: Naunga mkono, ila angalia umri. Ukiagiza gari Japani lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe, Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na bei uliyoiona mtandaoni haina maana tena. Ukinunua hapa nchini, mwambie fundi wako, si wa muuzaji, akague giaboksi ya CVT (ya otomatiki isiyo na gia za hatua), kwani ikiharibika gharama yake huuma. Pia hakikisha namba ya chesisi inalingana na kadi ya gari.

Mwuliza: Nashukuru. Na Axio kwa familia ya watu watano?

Jibu la kwanza: Watatoshea, lakini watatu wa nyuma watabanana kabla ya Chalinze.