Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanaona uwiano kila mahali

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Hisabati darasa la saba na nimekwama kwenye uwiano, yaani pale kiasi kimoja kikiwa mara mbili, na kingine huwa mara mbili.

Sukari haiwasumbui: kilo 1 shilingi 3,000, kilo 4 ni 12,000. Juzi nikawapa bodaboda anayetoza 1,000 ya kupanda, kisha 500 kwa kila kilomita. Kilomita 2 wakapata 2,000, sawa kabisa. Kilomita 4? Karibu darasa zima likaandika 4,000, wakati jibu ni 3,000. Binti mmoja anayejituma sana akaniletea daftari: "Mwalimu, umbali umekuwa mara mbili, basi na nauli mara mbili." Nilishindwa kumwekea alama ya kosa kabla hajaelewa.

Nimejaribu jedwali: wagawe nauli kwa kilomita, waone kama jibu linabaki lilelile. Hapa linatoka 1,000, halafu 750. Wanagawa vizuri, ila kesho yake wanarudi kulekule kuzidisha. Nahisi nimechangia, maana wiki nzima niliwapa maswali ya uwiano tupu.

Je, nianze na grafu, waone mstari wa sukari unaanzia sifuri na wa bodaboda unaanzia 1,000? Au nichanganye maswali ya aina zote mbili tangu siku ya kwanza? Aliyefanikiwa, naomba anieleze alivyoanza kipindi.