Awali za vijijini Lindi na Mtwara: watoto wameandikishwa, nani anawafundisha?

Wakuu, tusidanganyane. Kila Januari tunatangaziwa uandikishaji wa darasa la awali (lile la kabla ya la kwanza) umevuka lengo. Haya, ingieni darasani saa tatu asubuhi: watoto sabini na ushee, wamekaa sakafuni, wanajiimbia. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hapa hata huyo mmoja hayupo.

Yuko darasa la saba, anafundisha huko! Uozo wenyewe ndio huo. La nne wana upimaji wa kitaifa, la saba wana mtihani wa kumaliza, na mwalimu mkuu anabanwa kwa ufaulu wa madarasa hayo. Awali haina mtihani wa taifa (wala isiwe nao, watoto wa miaka mitano hao), basi shule ikipungukiwa walimu, wa awali ndiye wa kwanza kuchomolewa. Mtoto akifika la pili hajui KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), lawama kwa mzazi.

Mtasema kuna shule shikizi, yaani vile vituo vidogo vya karibu vilivyo chini ya shule mama. Ni kweli, mtoto hawezi kutembea kilomita tano, masika ndiyo kabisa. Ila wananchi wakishafyatua tofali na kuezeka, anayefundisha ni kijana wa kidato cha nne anayejitolea. Posho ya mchango wa kitongoji ikikata, na yeye anaondoka. Mnamlaumu?

Halafu uji wa shuleni. Hesabu si ngumu: gramu 50 za unga kwa mtoto, watoto 60 ni kilo tatu kwa siku, kilo 15 kwa wiki. Kwa mzazi ni robo kilo tu kwa wiki. Tatizo ni kuitisha mchango Februari, wakati ghala la nyumbani limebaki vumbi. Itisheni Oktoba hadi Desemba, hela za korosho zikiwa mkononi. Na asiyechanga mtoto wake asirudishwe nyumbani, elimu ni bila ada tangu 2016.

Miezi hiyohiyo ya korosho familia zinahamia mashambani na watoto wao, darasa linabaki nusu, lakini takwimu inayosomwa ni ya Januari.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Ujao msiulize wameandikishwa wangapi. Daini ratiba ya walimu na rejesta ya mahudhurio ya Novemba. Mwalimu wa awali akikutwa ana vipindi la saba, iandikwe kwenye muhtasari, nakala iende kwa afisa elimu kata.